Springi ya Vitz kwenye IST: kuingia ni jambo moja, kufaa ni jingine

Mwaka juzi nilinunua springi mbili za mbele za mtumba kwa ajili ya Toyota IST yangu. Zilitoka kwenye Toyota Vitz iliyochinjwa, yaani iliyofunguliwa na kuuzwa vipande vipande, hazikuwa na kutu, rangi yake nyeusi bado inang'aa. Nikamuuliza muuzaji swali moja tu: "Zinaingiliana?" Akanijibu bila kusita, "Zinaingia kama zake, bosi. Funga tu."

Na kweli ziliingia. Fundi alimaliza kabla ya adhuhuri, nikalipa, nikaondoka kwa furaha. Siku ya nne nilikuwa natoka Bahi na abiria wanne na gunia la mchele kwenye buti. Kwenye tuta la kwanza pua ya gari ilizama, nikasikia chuma kinakwaruza lami. Niliposhuka na kuchungulia, kinga ya chini ya injini ilikuwa imekunjwa. Gari lilikuwa limelala mbele karibu sentimita mbili kuliko nilivyolizoea, na mimi sikuwa nimeliona hilo kwa siku tatu nzima nilizoliendesha mjini nikiwa peke yangu.

Nilianza safari ya kwenda dukani kugombana, lakini njiani nikatulia. Yule kijana hakuniongopea. Nilimuuliza kama zinaingia, akanijibu kuhusu kuingia. Swali la kufaa sikuliuliza, na wala nisingejua namna ya kuliuliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa na fundi mmoja mtu mzima, gereji yake iko upande wa Kizota hapa Dodoma, nikimuuliza na kushika vyuma kwa mikono yangu. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa pesa.

Neno "zinaingiliana" limebeba maswali manne kwa pamoja, na watu wengi huuliza lile la kwanza tu. Je, matundu ya bolti yanakutana? Je, urefu unalingana? Je, ugumu unalingana na uzito wa gari? Je, tairi litasimama kwenye pembe ile ile iliyokusudiwa? Spea inaweza kufaulu swali la kwanza na kufeli yote yaliyobaki, na itafungika vizuri kabisa. Hapo ndipo ugumu wa mambo ya miguu ya gari, yaani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika tairi, ulipo. Injini ukiifungia kitu kisicho chake, mara nyingi itakwambia siku hiyo hiyo. Springi isiyo yake itanyamaza mpaka siku utakapobeba watu.

Undugu wa magari na jinsi majina yanavyopotosha

Kampuni haibuni sakafu na miguu mipya kwa kila jina la gari inalouza. Inabuni msingi mmoja, kisha juu yake inajenga magari kadhaa. Vitz ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na msingi wake ndio uliozaa Platz, Funcargo, bB, IST ya mwaka 2002, na hata Probox. Ndiyo maana ukilala chini ya Vitz na kisha chini ya IST unaona kitu kimoja: mbele kuna shokapu iliyovishwa springi na kushikwa juu kwa maunti (kishikizo chake kwenye bodi), chini kuna wishiboni moja (mkono wa chuma unaoshika tairi), na nyuma kuna ekseli moja ya chuma inayojipinda kidogo.

Kwenye Corolla mambo ni hayo hayo. Corolla ya NZE121, Fielder, RunX, Allex na Spacio ya pili ni watoto wa nyumba moja. Kuna pia ndugu waliolelewa katika nyumba mbili: Toyota Passo na Daihatsu Boon ni gari moja lenye beji tofauti, na vivyo hivyo Toyota Rush na Daihatsu Be-Go. Kwa hao wa beji mbili, ukihakikisha toleo ni lile lile, kubadilishana spea hakuna mjadala mrefu.

Lakini undugu una mipaka, na jina la gari ni shahidi dhaifu. Probox ina ukoo na Vitz, ila ilibuniwa kwa ajili ya mizigo, kwa hiyo nyuma yake ni tofauti kabisa: ekseli nzito iliyoshikwa kwa linki nne (fito za chuma). Atakayekwambia spea za nyuma za Probox zinaingia kwenye IST, mwombe akuonyeshe mahali zinapofungwa. Upande wa pili, IST ya mwaka 2007 na kuendelea, ile NCP110, inaitwa IST lakini imejengwa juu ya msingi mwingine. Jina lile lile, miguu mingine. Ukienda dukani ukasema "nataka wishiboni ya IST" umesema nusu ya habari.

Habari kamili iko kwenye namba ya chasisi, ambayo ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kile kibati cha chuma ndani ya gari lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi, kwa mfano NCP61 kisha kistari kisha tarakimu. Hiyo NCP61 inasema mengi. Herufi ya kwanza, N, ni ya injini za NZ. P ya mwisho ni ukoo. Namba ni toleo: NCP60 ni IST yenye injini ya sisi (cc) 1300, NCP61 ni ya sisi 1500, na NCP65 ni ile inayovuta kwa magurudumu manne. Vitz yenye injini ndogo ya sisi 1000 ni SCP10, maana injini yake ni SZ. Kwa hiyo unaposikia "Vitz" na "IST" wewe fikiria SCP10 na NCP61, na mara moja unaona kwamba hata injini zinazokaa juu ya hizo springi hazifanani uzito.

Spea halisi ya Toyota nayo ina namba yake, tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza zinataja ni kitu gani: 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ni ya mbele kushoto, 48131 ni springi ya mbele, 48231 springi ya nyuma, 48068 wishiboni ya chini kulia, 48069 ya kushoto. Tano za mwisho zinataja ni ya gari gani, na mbili za mwanzo kati ya hizo mara nyingi ndizo jina la ukoo: 52 kwa familia ya Vitz, 12 au 02 kwa Corolla, 42 kwa RAV4, 60 kwa Land Cruiser. Ukikuta shokapu ya mtumba ambayo namba yake bado inasomeka, ifute vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa na uiandike. Hiyo namba inajua zaidi kuliko muuzaji, kuliko fundi, na kuliko mimi. Zikilingana zote kumi, ununuzi umeisha nusu. Zikitofautiana kwenye tano za mwisho, ndipo kazi ya kupima inapoanza.

Springi: milimita moja inayobadilisha kila kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Springi ya gari ni waya wa chuma uliosokotwa. Ugumu wake unatokana na vitu vitatu unavyoweza kuviona kwa macho: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Watu hutazama urefu tu. Wanasimamisha springi mbili mezani, zikilingana urefu wanasema ni zile zile. Urefu wa springi isiyobeba kitu haukwambii itakuwaje ikibebeshwa.

Unene wa waya ndio mfalme. Ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Chukua waya wa milimita 11 na mwingine wa milimita 12, mengine yote yakiwa sawa. Kumi na mbili ukizidisha mara nne kwa yenyewe unapata 20,736. Kumi na moja unapata 14,641. Gawanya: waya mnene ni mgumu zaidi kwa asilimia 42 hivi. Milimita moja! Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo kwenye springi mbili zilizopakwa rangi na kuwekwa mita moja kutoka moja hadi nyingine. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, inaiona papo hapo, na fundi yeyote makini anayo kalipa kwenye sanduku lake. Ukipima, kwangua rangi kwanza, maana rangi iliyorudiwa nayo ina unene.

Upana wa duara unafanya kazi kinyume: duara likiongezeka, springi inalegea. Na mizunguko ikipungua, springi inakuwa ngumu. Hii ya mwisho inaeleza kwa nini kukata springi ni kosa mara mbili. Mtu anakata mzunguko mmoja ili gari likae chini. Kama ilikuwa na mizunguko sita inayofanya kazi ikabaki na mitano, imekuwa fupi na wakati huo huo imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Na gari likinyanyuka tairi likaning'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kiti chake. Kama alikata kwa moto wa gesi ndiyo balaa kamili, kwa sababu chuma cha springi kimepikwa kwa joto maalum kiwandani na moto ule unakiua nguvu pale ulipogusa.

Sasa rudi kwenye IST yangu. Vitz ya SCP10 ina uzito wa kilo 850 hivi. IST ya NCP61 ni kama tani moja hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Tuseme kila tairi la mbele la IST linabeba kilo 30 zaidi, na springi ya Vitz inahitaji kilo 2 ili ishuke milimita moja. Thelathini gawanya kwa mbili: milimita 15. Hapo bado sijapakia mtu. Nilipopakia watu wanne na gunia, springi ikatumia safari yake yote iliyobaki, ikakaa juu ya mpira wa kugongea, na tuta likafanya lililofanya.

Springi za kiwandani huwa na madoa ya rangi kwenye mzunguko mmojawapo, njano, bluu, nyeupe, wakati mwingine mawili pamoja. Hayo si mapambo. Ni alama ya kutofautisha springi ambazo kwa macho zinafanana. Springi za mtumba zilizopakwa rangi nyeusi upya ili zipendeze zimepoteza alama hiyo, kwa hiyo binafsi napenda springi chafu yenye madoa yake kuliko inayong'aa.

Na kitu kimoja cha uhai. Springi ya mbele ya gari la aina hii hukaa imebanwa muda wote, na kuitoa kwenye shokapu kunahitaji kibanio cha springi chenye misumari miwili imara. Nimeona vijana wakiifunga kwa waya wa kufungia nondo. Nguvu iliyobanwa pale inatosha kuvunja taya la mtu. Kama gereji haina kibanio, chukua gari lako upeleke penye kibanio.

Shokapu na kazi yake

Springi hubeba gari. Shokapu haibebi, inatuliza. Ukiipiga springi peke yake itadunda mara nyingi. Shokapu inalazimisha mafuta kupita kwenye vijitundu vidogo na kula ule mdundo. Kwa hiyo shokapu hupangwa kwa ajili ya springi yake, kama kamba inavyopimwa kwa mbuzi wake.

Ukiweka shokapu ya gari jepesi kwenye gari zito, utajua haraka: ukipita tuta gari linadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Kinyume chake kinajificha zaidi. Shokapu ya gari zito kwenye gari jepesi inajisikia imara mjini, mtu anafurahi, anasema gari limekaza. Mpeleke kwenye ile barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, njia nyingi za kuelekea vijijini huku kwetu ziko hivyo wakati wa kiangazi. Kila wimbi linasukuma tairi juu, na springi laini haina nguvu ya kulirudisha chini dhidi ya shokapu ngumu kabla ya wimbi linalofuata. Tairi linapanda, linapanda tena, linabaki juu. Gari linajikunyata taratibu mpaka halina safari iliyobaki, kisha linaanza kuteleza kama liko juu ya karanga. Dereva anailaumu barabara.

Urefu nao una maneno. Shokapu ndefu kuliko yake huruhusu tairi kushuka mno, na kiungo cha ekseli ya kuvuta pamoja na bolijointi (kifundo cha chini cha tairi) vinajipinda zaidi ya vilivyopangiwa. Fupi kuliko yake hugonga mwisho. Ndiyo maana fundi wangu huwa anazilaza mbili sambamba juu ya gunia, ya zamani na inayotaka kuingia, na kupima sehemu sita: kutoka tundu la chini hadi kiti cha springi, umbali kati ya matundu mawili ya chini, unene wa bolti, urefu wa fimbo ikiwa imetoka yote, ikiwa imeingia yote, na unene wa nati ya juu. Kisha anatazama masikio madogo: pale linki ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) inapofungwa, pale bomba la breki linaposhikwa, na pale waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) unapopita. Sikio la bomba la breki likikosekana, bomba linabaki likining'inia na kusuguana na tairi. Nimemwona akikataa shokapu nzuri kabisa kwa sababu ya hilo sikio tu.

"Mwanangu," aliniambia, "mtu atakwambia tulifunge kwa waya. Bomba la breki halifungwi kwa waya."

Kuijua shokapu ya mtumba kama bado ina uhai, watu huisukuma mara moja na kutoa hukumu. Si haki. Shokapu iliyolazwa mezani kwa wiki kadhaa, hewa na mafuta vimechanganyika ndani, msukumo wa kwanza utaonekana mtupu. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari, isukume mpaka chini na kuivuta mpaka juu mara tano au sita taratibu, ndipo uhukumu. Inapaswa kuwa na uzito ule ule mwanzo hadi mwisho wa safari, bila pengo na bila kukwama. Zile za gesi zitapanda zenyewe polepole ukiziachia. Kisha pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukucha ukikwama kwenye kijishimo kimoja cha kutu, acha, maana kijishimo hicho kitachana sili ya mafuta ndani ya muda mfupi, na vumbi la Dodoma litamalizia. Magari yaliyotoka sehemu za theluji huko Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na vijishimo hivyo mara nyingi.

Hata ukiipata nzima, nunua mpya ile kava ya vumbi na mpira wa kugongea. Shokapu nyingi za mtumba huja bila hivyo vitu viwili, navyo ndivyo vinavyoilinda.

Pembe

Wishiboni ya ndugu inaweza kuwa na matundu yale yale na kuwa ndefu kwa milimita kumi. Kutoka bolijointi ya chini hadi maunti ya juu ni kama sentimita 60 kwenye magari madogo. Ukisukuma chini ya tairi kwa milimita kumi, umelilaza tairi kwa digrii moja hivi. Digrii moja inatosha tairi kuliwa ukingo wa ndani huku nje bado lina meno mazuri, na wewe unayetazama kwa nje hujui kitu mpaka waya zitokee.

Lakini kuna linalofuata ambalo ni baya zaidi. Tairodi, fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye usukani, haijabadilika urefu. Nako (chuma kinachobeba tairi) imesukumwa nje, tairodi imeshikilia mkono wake palepale, na kwa kuwa kwenye magari haya tairodi ziko nyuma ya ekseli, tairi zote mbili zinageuka kutazama nje. Gari linakuwa halitulii barabarani, unalirekebisha muda wote. Kwa hiyo kubadilisha chochote kati ya shokapu, wishiboni, nako au tairodi kunadai alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za tairi) siku hiyo hiyo. Na ujue kwamba kwenye IST na jamaa zake alaimenti ya kawaida hurekebisha huko kutazama ndani na nje tu. Kulala kwa tairi hakuna skrubu yake. Kama wishiboni imelilaza, mashine itakuonyesha namba nyekundu na fundi wa alaimenti hatakuwa na la kufanya.

Subaru ni tofauti kidogo: bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kwenye nako si ya mviringo kamili, ina tumbo, na ukiizungusha tairi linalala au kusimama. Kabla hujaifungua, piga mstari wa rangi kwenye kichwa chake na kwenye shokapu.

Na kwa kuwa nimeitaja Subaru, Forester ni somo zuri la undugu unaokatika katikati ya jina. Forester ya SF na ile ya SG, matoleo mawili ya kwanza, hadi 2007 hivi, zina shokapu zenye springi kwenye kona zote nne, na ni ndugu wa karibu wa Impreza za wakati huo. Watu huchukua shokapu za Forester na kuzifunga kwenye Impreza ili inyanyuke, na zinaingia. Forester ya SH iliyofuata ina mpangilio mwingine kabisa nyuma. Halafu kuna mtego ndani ya SG yenyewe: baadhi yake zilikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likipakiwa, na kwa sababu hiyo springi zake za nyuma ni laini, maana shokapu ile ilikuwa inasaidia kubeba. Ukiiondoa ukafunga shokapu ya kawaida na kuacha springi ile ile, gari linakaa matako chini. Hapo lazima ubadilishe seti yote, shokapu na springi pamoja, kutoka gari moja.

Nini ununue mtumba

Chuma kitupu kinaweza kuishi maisha mawili. Springi isiyovunjika, nako, chuma cha stabilaiza, wishiboni yenyewe. Nauliza kila mara gari lilichinjwa kwa nini, kwa sababu mengi huchinjwa baada ya kugonga, na wishiboni iliyopinda milimita chache haijitangazi. Chukua ya kulia na ya kushoto, zigeuze zitazamane kama viganja, na uone kama matundu yanakutana.

Mpira na vifundo ni hadithi nyingine. Bushi (mipira ya kwenye viungo), bolijointi, tairodi, maunti ya juu, beringi: nunua mpya, hata kama itabidi uanze na upande wa mbele tu mwezi huu na nyuma mwezi ujao. Bolijointi ya mtumba inayoonekana ngumu mkononi inaweza kuwa imekauka grisi. Ikichomoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro, na malori yanapishana nawe, tairi linalala na hakuna usukani tena.

Pini za bolijointi na tairodi zina umbo la karoti, na karoti hizo hazifanani unene kati ya gari na gari. Pini inaweza kuingia tunduni na nati ikakaza vizuri kumbe imeshikwa kwa mdomo tu. Njia ya kujua: ipake pini wino wa maka peni, iingize, izungushe kwa mkono, itoe. Wino ukifutika sehemu yote, imekaa. Ukifutika kama pete moja nyembamba, si yake. Bolti nayo vivyo hivyo. Bolti ya 12 kwenye tundu la 14 iliyovishwa kibati ili isicheze ni kaburi linalosubiri.

Kuna jambo moja la ufungaji ambalo sikuwahi kulisikia gereji yoyote kabla ya hii ya Kizota. Bushi ya wishiboni haizunguki, inajipinda. Ukiikaza bolti yake gari likiwa juu ya jeki na tairi zinaning'inia, umeikaza mpira ukiwa umetulia katika hali ya kuning'inia. Gari likishuka chini mpira unapindwa muda wote, mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa. Itachanika mapema na utasema bushi za siku hizi ni feki. Bolti ziache zikiwa zimeshikwa tu, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma, kisha ingia chini ukaze kabisa.

Springi zangu za IST zilipatikana Ilala, Dar es Salaam, baada ya wiki mbili za kutafuta kwa namba. Nilimwomba muuzaji anipigie picha ya kalipa ikiwa imeshika waya, na picha ya madoa ya rangi, kabla hajazipakia kwenye basi. Alishangaa, lakini alipiga. Zilipofika, mzee alizilaza juu ya gunia pembeni ya zile za Vitz. Urefu ulikuwa karibu sawa. Akanikabidhi kalipa, akaniambia, "Pima wewe." Nilipima, nikarudia, kisha tukaanza kufunga.